Vilima, vihamba na breki: njia tulivu za baiskeli kuzunguka Moshi

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Dar, umri wetu ni hamsini na kitu, na kila Jumamosi alfajiri tunaendesha baiskeli kutoka Mbezi hadi Bunju na kurudi. Mwaka huu tunataka likizo ya baiskeli ya siku tatu. Tumeona picha za Tuscany kule Italia: barabara tupu, vilima vya mizabibu, vijiji vya kale, watu wanasimama kuonja mvinyo halafu wanaendelea. Nauli ya Italia hatuna. Je, Moshi tunaweza kupata kitu kama hicho bila kukimbizwa na malori? Mume wangu ana baiskeli ya mashindano yenye tairi nyembamba, mimi nina ya milimani. Na tuje mwezi gani?

JIBU: Dada, karibuni sana. Barabara tulivu zipo, vilima vipo kupita mahitaji yenu, historia mtaikuta kila mkivuka bonde, na kinywaji kipo. Vya kurekebisha ni viwili: hiyo picha mliyoiona na, shemeji anisamehe, tairi zake.

Nianze na picha. Mizabibu ya nchi hii iko Dodoma, kwenye jua na ukame. Huku Uchagani utaona kahawa imekaa chini ya migomba, migomba imekaa chini ya miti mirefu, na katikati ya vyote hivyo kuna nyumba. Msitegemee kijiji chenye uwanja katikati na nyumba za mawe zilizobanana. Mchaga anakaa ndani ya kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, jirani yake ndani ya chake, na kinachowatenganisha ni uzio wa mimea ya masale. Mnaweza kupita kijiji chenye watu elfu kadhaa mkadhani mko shambani, mpaka msikie redio na mbuzi. Kwa hiyo mkitafuta historia msitafute kuta. Tazameni misheni, mifereji ya maji inayokatiza barabara, na miti ambayo wenyeji hawaikati.

Kuhusu vilima, nawapa kipimo kimoja. Chianti ndiyo sehemu ya Tuscany inayopendwa zaidi na waendesha baiskeli, na mlima wake wa juu kabisa haufiki mita 900 kutoka usawa wa bahari. Stendi ya Moshi mjini iko kwenye mita 800 na ushee. Yaani wao wanapoishia ndipo sisi tunapoanzia. Marangu Mtoni ni zaidi ya mita 1,400, na lango la hifadhi pale Marangu linakaribia 1,900. Mtu aliyezoea tambarare ya Bunju atapumua kwa nguvu, siyo kwa sababu ya hewa nyembamba, maana urefu huo haumdhuru mtu mzima mwenye afya, bali kwa sababu mwinuko hauna pa kupumzikia.

Hapo hapo niongeze la pembeni. Kwenye mji mdogo wa Gaiole in Chianti, tangu 1997, watu hukusanyika na baiskeli za kizamani kwa tukio linaloitwa L'Eroica, na moja ya madhumuni yake ilikuwa kuzitetea barabara nyeupe za changarawe zisimezwe na lami. Sisi huku kila kampeni ya uchaguzi tunaomba lami, na tuna haki: mgonjwa anashushwaje hospitalini wakati wa masika? Lakini kwa mwenye baiskeli, lami ikipanda mlimani bodaboda nazo zinaongeza mwendo. Zingatieni hilo kila ninapowaambia chini hapa kwamba njia fulani "ina lami". Siyo sifa tupu.

Sasa, utulivu unapatikana wapi? Weka kiganja chako mezani, vidole umevitanua, mkono ukielekea mlimani. Vidole ni matuta ambako watu wanaishi. Nafasi zilizo kati ya vidole ni mabonde ya mito: Rau, Karanga, Umbwe, Weruweru, Kikafu na mingine mingi. Barabara za zamani zinapanda juu ya kila kidole, kutoka barabara kuu hadi kwenye misheni na shule. Hizo ndizo zenye Noah za abiria, bodaboda na magari ya mizigo ya ndizi. Barabara za kukata ubavu, yaani zinazotoka kidole kimoja kwenda kingine, ni chache, zina kona, na magari hayazipendi kwa sababu kila bonde ni kushuka na kupanda tena. Utulivu uko humo. Na jasho liko humo. Anayesoma ramani akiwa Dar huona kilomita 8 kati ya kijiji na kijiji akasema nusu saa; akifika huku anaikuta saa nzima na zaidi, nusu yake akisukuma.

Barabara kuu yenyewe, ile ya kutoka Arusha kupita Moshi hadi Himo na Holili, isahauni kabisa. Kipande cha Moshi hadi Himo Njia Panda kinabeba mabasi na malori yote ya Dar na Tanga, na yale ya kwenda Kenya. Bega la barabara sehemu nyingi ni la kubahatisha. Mkihitaji kufika mahali pa kuanzia kando ya barabara hiyo, kodini kirikuu, pakieni baiskeli nyuma, mlipe nauli. Msione aibu.

Njia ninayoipendekeza kuliko zote kwa siku ya kwanza ni Old Moshi. Mnatoka mjini kwenda Kiboriloni, ambako ni jirani tu, mnaliacha soko la mitumba na kugeuka kaskazini kupanda kupitia Kikarara na Tsuduni hadi Kidia. Kutoka Kiboriloni ni kama kilomita 11 za kupanda. Mwanzoni kuna maduka, gereji na pikipiki, msikate tamaa. Mkishapita nyumba za mjini, migomba inafunga pande zote na joto linapungua ghafla. Mtalisikia kwenye mikono kabla ya kuliona kwenye kipimo chochote. Wastani wa mwinuko utawaambia ni wa kawaida, ila kuna vipande ambavyo gia ndogo ya baiskeli ya mashindano haitatosha na shemeji atashuka atembee. Hakuna atakayemcheka. Huku watu husukuma baiskeli kwenda juu na kuiendesha kurudi chini, ndiyo desturi.

Huko Old Moshi ndiko ulikokuwa mji wenyewe. Moshi ya Mangi (yaani mtawala wa Kichaga) Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, ilikuwa huku juu, na Wajerumani nao walijenga boma lao huku. Reli ya kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, shughuli za serikali na biashara zikaifuata chini, na mji mpya ukakua kuzunguka stesheni. Ndiyo maana kule juu paliitwa Moshi ya zamani. Mkisimama Tsuduni mkatazama kusini siku isiyo na ukungu, mtaona mji mzima chini yenu, na tambarare ikienda mbali hadi inapopotea kwenye joto.

Pale Tsuduni ndipo penye kumbukumbu ya Mangi Meli, mtoto wa Rindi. Mwaka 1892 watu wake waliwapiga Wajerumani na kumuua kiongozi wao von Bülow. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga yeye pamoja na viongozi wengine 18 wa Uchaga na Meru. Kichwa chake kinaaminika kukatwa na kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekuwa ukikitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu iliyokuwa nayo na familia zilizo hai za huku Kilimanjaro, na mmoja wa waliotambuliwa kwa mafuvu hayo alikuwa mshauri wa karibu wa Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwamo. Kwa hiyo mkifika hapo, tulieni. Tegesheni baiskeli kando, msiziegemeze kwenye mti unaosimuliwa kuwa ndipo aliponyongwa, wala kwenye mnara wa kumbukumbu. Mtafuteni mzee wa jirani, msalimieni kwa shikamoo, mwombeni awasimulie. Wengi wanaijua habari hiyo kuliko mimi, na wanaisimulia kama jambo la juzi.

Mbele kidogo ni Kidia, misheni ya Kilutheri. Bruno Gutmann, mchungaji wa Kijerumani wa misheni ya Leipzig aliyeandika mambo mengi mno kuhusu mila na sheria za Wachaga, alifanya kazi hapa kwa miaka mingi katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Kanisa linatosha kuwa mwisho wa kupanda kwa siku hiyo. Kaeni kwenye kivuli, kuleni ndizi, vaeni kitu cha kuzuia upepo, kisha mrudi kwa njia ile ile. Najua watu wa baiskeli wanachukia kurudi kwa njia moja, lakini siku ya kwanza nataka mjue breki zenu zina tabia gani kwenye mteremko ambao tayari mmeuona.

Na hapa kwenye breki nitakaa kidogo, maana wageni wetu hawaumii wakipanda, wanaumia wakishuka. Msishike breki mfululizo kilomita 10 zote. Kwa baiskeli ya shemeji, kama breki zake zinabana kwenye rimu, rimu itapata moto na tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena. Kila baada ya kilomita mbili tatu simameni, shikeni rimu kwa tahadhari. Ikiwa inaunguza, ngojeni. Kuna bodaboda wanaoshuka wamezima injini kuokoa mafuta, kwa hiyo hamtawasikia wakija nyuma yenu. Kaeni kushoto kabisa, msiyumbe. Na kuna akina mama waliobeba mizigo ya majani ya ng'ombe. Ng'ombe wa huku analishwa zizini, majani yanafuatwa mbali, na mzigo huo unafunika kichwa na mabega hadi mbebaji haoni pembeni wala hasikii vizuri. Kengele akiisikia anaweza kugeuka na mzigo wote, na mzigo ukaziba njia. Mimi hupaza sauti ya salamu nikiwa bado mbali, napunguza mwendo, nasubiri anionyeshe upande.

Siku ya pili ndiyo ya kukata ubavu, na ndiyo mtakayoikumbuka. Panda kirikuu asubuhi hadi njia ya Kawawa, kwenye barabara kuu kati ya Kiboriloni na Himo. Kutoka hapo barabara inapanda Kirua Vunjo kupitia Pakula hadi Nduoni, halafu inageuka mashariki kufuata ubavu wa mlima, inapita upande wa Kilema na kutokea Marangu Mtoni. Jumla ni kama kilomita 30. Sehemu kubwa ni lami. Ikitokea kipande kibovu, shemeji ashuke asukume. Baada ya Nduoni mtaona tofauti: magari yanapungua, na mnaanza kusikia maji. Mifereji inakatiza juu na chini ya barabara, mingine ina umri kuliko misheni zenyewe. Ilichimbwa na koo, kila ukoo na zamu yake ya maji, na hadi leo anayefungua mfereji siku isiyo yake anaitwa kwenye kikao.

Kilema ina haki ya kujivunia. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeuona mlima wenye theluji tarehe 11 Mei 1848 na kuandika habari ambayo wasomi wa Ulaya waliikataa kwa miaka, alikuwa safarini kuja kwa Mangi Masaki wa Kilema. Baadaye, katika miaka ya mwanzo ya 1890, mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapo, na simulizi ya kahawa ya Kilimanjaro kwa kawaida huanzia kwenye bustani yao. Kanisa ni kubwa, viwanja vyake ni vya utulivu, na kuna maji. Simameni hapo nusu saa. Isipokuwa kama ni Jumapili: hapo barabara nzima inajaa watu wa misa ya kwanza na ya pili, na baiskeli inakuwa kero kwa kila mtu.

Mkija msimu wa kuvuna, ombeni ruhusa kwenye kihamba chochote mnachosikia mashine ikizungushwa. Ni mashine ndogo ya mkono ya kumenyea kahawa, imefungwa kwenye kigogo. Mmoja anamimina matunda mekundu juu, mwingine anazungusha mpini, maji yanapita, mbegu zinaangukia upande mmoja zikiwa na utelezi kama ute wa bamia, maganda upande mwingine. Lundo la maganda ya jana linanuka uchachu unaokaribia pombe. Mbegu zinalowekwa usiku kucha au zaidi, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye meza za wavu, kisha zinapelekwa chama cha msingi. Wakulima wa huku waliungana mapema sana: chama chao cha kwanza kilianzishwa 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa, ambayo jengo lake mtaliona Moshi mjini. Mtaona pia vihamba vingi ambako kahawa imeng'olewa ikabaki migomba, au parachichi, au mahindi. Bei ya dunia iliporomoka baada ya mgao wa kimataifa wa kahawa kuvunjika 1989, na vijana hawakuona sababu ya kurithi miti ya babu. Ukimuuliza mzee kuhusu hilo, jiandae kukaa.

Marangu Mtoni ni mji mdogo wa makutano, una soko, na siku ya soko una fujo ya kupendeza ambayo kwa baiskeli ni ya kusukuma tu. Kutoka huku ndiko Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikoanzia kwenda kufika Kibo, kilele cha juu kabisa cha Kilimanjaro, tarehe 6 Oktoba 1889, wakiwa wageni wa Mangi Marealle, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kama kiongozi wao wa njia. Kama miguu bado ipo, pandeni kilomita sita hivi hadi lango la hifadhi. Ni lami, ni mwinuko mkali, na kati ya saa mbili na saa nne asubuhi kuna magari ya watalii, kwa hiyo afadhali mchana. Mwisho wenu ni getini. Baiskeli ndani ya hifadhi ni habari nyingine, ina ada na vibali vyake. Kulala, laleni Marangu, nyumba za wageni zipo za kila bei. Msijaribu kurudi Moshi jioni hiyo kwa barabara ya Himo.

Uru na Kibosho nitazipitia haraka. Materuni, upande wa Uru, ina maporomoko ya maji na ziara za kahawa, ni karibu na mjini, na kwa hiyo ina magari ya wageni kila asubuhi; vijana watawapenda, utulivu hamtaupata. Kibosho ina historia nzito ya Mangi Sina, aliyeshambuliwa na Wajerumani mwaka 1891, na misheni ya Kikatoliki ya muongo huo huo. Kutoka Kibosho kukata hadi Machame kupitia Lyamungo, ambako utafiti wa kahawa umefanyika tangu miaka ya 1930, ni njia nzuri mno, lakini mabonde ya upande ule ni ya kina na tairi za shemeji hazitaipenda changarawe. Mje mwaka mwingine mkiwa na baiskeli mbili za milimani.

Siku ya tatu mpumzishe miguu tambarare. Shukeni mapema Moshi kwa gari, kisha mwende kusini: msitu wa Rau, mashamba ya mpunga ya Mabogini, na mkipenda mbele zaidi mashamba ya miwa ya TPC huko Arusha Chini. Hakuna kilima. Kuna vumbi, jua, ndege wengi kwenye majaruba, na mlima mzima nyuma yenu ikiwa mawingu yataruhusu. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne muwe mmerudi. Baada ya hapo joto la huko ni la adhabu.

Mwezi gani? Masika, kuanzia Machi hadi Mei, msije. Udongo mwekundu wa huku ukilowa unashika tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na lami yenyewe inakuwa na matope kwenye kila kona. Juni hadi Agosti ni kukavu lakini kuna baridi na wingu zito, mlima unaweza kujificha wiki nzima. Mimi ningechagua Septemba hadi katikati ya Oktoba: kahawa inavunwa, barabara ni kavu, asubuhi ni safi. Novemba mvua za vuli zinaanza kuwasumbua. Na kuanzia katikati ya Desemba hadi baada ya mwaka mpya, kaeni Dar. Wachaga wote wa Dar wako huku, wamekuja na magari yao yote, na kila barabara ya kihamba ina foleni. Sisi wenyewe baiskeli tunaziweka stoo.

Sasa kinywaji. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa saa nyingi hadi ziwe za rangi ya kahawia, zikaachwa zichachuke siku kadhaa, zikachujwa, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi na ukali kidogo wa gome la msesewe. Inanyweka ikiwa nzito, tamu-chachu, chembe za ulezi zikielea juu, na kijadi inatolewa kwenye kata ya kibuyu inayopita mkononi kwa kila mtu. Haina ukali wa kutisha, na hilo ndilo tatizo lake: inapita kama uji, na mtu anasahau kwamba bado ana mteremko mbele. Wale wa kwenye picha mliyoiona wanaonja mvinyo kwenye vilima vidogo. Ninyi mtakunywa mkishamaliza kushuka, au jioni mnapolala Marangu. Ulizeni mwenyeji wenu nani ameivisha leo, maana mbege ya jana na ya leo ni vitu viwili tofauti. Mchana kuleni mtori, ile supu nzito ya ndizi, au kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, mshushie kwa chai. Kwa anayesukuma baiskeli mlimani, bakuli la mtori linafaa kuliko vile vijiti vya sukari vinavyouzwa kwa wanamichezo.

Mengine ni ya basi na fundi. Kwenye basi la kutoka Dar ongeeni na kondakta kabla ya siku ya safari; baiskeli hulipiwa kama mzigo. Toeni gurudumu la mbele na pedeli, geuzeni usukani, fungeni kanga au gunia kwenye gia za nyuma, na msikubali ilazwe upande wa mnyororo.

Kuhusu baiskeli ya shemeji: fremu abaki nayo, abadilishe tairi. Aweke pana kadiri uma na breki zinavyoruhusu, milimita 28 au 32, na kama fundi wenu wa Dar anaweza kumpatia gia ya nyuma yenye meno mengi zaidi, atanishukuru Kirua. Wewe na ya milimani huna shida, ila badilisha pedi za breki kabla ya kuja, siyo baada. Mafundi wa baiskeli mtawakuta hadi vijijini, na pancha ya baiskeli yako wataiziba kwa solusheni na kiraka ndani ya dakika chache. Tyubu za inchi 26 na zile za baiskeli kubwa za mzigo zipo kila mahali. Tyubu nyembamba za baiskeli ya mashindano, zenye ile vali ndefu, hamtazipata mkishatoka mjini, na pampu ya fundi wa kijijini haishiki vali hiyo. Aje na tyubu tatu, pampu yake mwenyewe, na kile kipande kidogo cha shaba kinachogeuza vali iingie pampu ya kawaida. Kinauzwa bei ndogo Kariakoo. Anunue viwili.